Kornelia Amekaa Misa Nzima

Mke wangu Kornelia ana mwanaume huko Dongobesh ambaye wanazungumza naye habari za choo. Nasema mapema ili asije mtu akaniambia kwamba sikujua. Ningewakuta wanazungumza mapenzi ningejua pa kuanzia: ningeita wazee, ningemwita paroko, na hasira ikinizidi ningepanda gari hadi Dongobesh nikamtazame huyo bwana usoni. Lakini mtu anampigia mkeo simu asubuhi, wewe hujanywa hata chai, anamwuliza, "Jana ulitoka vizuri?" na mkeo anacheka na kujibu, "Jana afadhali, ilikuwa nzito kidogo, kama uji wa mtoto." Hapo unamshtaki kwa nani?

Bwana huyo anaitwa Alfredi. Ni fundi cherehani, anashona sare za kwaya na za shule, na ni mgane. Hilo la ugane sikulipenda tangu siku ya kwanza nilipolisikia.

Kornelia nilimwoa kutoka Mogitu. Wakati ule alikuwa msichana ambaye kwenye palizi anawaacha wanaume nyuma, kisha anarudi na mstari wao kuwasaidia huku anawatania. Kwenye kwaya aliimba sauti ya pili, na alikuwa mkali kwa wanaokosea. Tumelima pamoja hapa Endasak, chini ya mlima, mahindi na maharage, tukasomesha watoto watatu. Alipenda makande kuliko mtu yeyote ninayemjua, makande yetu haya ya mahindi yasiyokobolewa, yanayokaa jikoni tangu asubuhi. Alikuwa anakwangua sufuria mwenyewe, hataki mtu amsaidie.

Ugonjwa ulimwanza Kornelia wakati Glory, mtoto wetu wa mwisho, alipoingia darasa la kwanza. Alikuwa anakwenda choo na damu. Hakuniambia. Nyumbani kwetu mwanamke hamtajii mumewe choo. Akitaka kutoka anasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Basi kwa miaka mingi mke wangu aliangalia ng'ombe kuliko mchungaji yeyote wa Kibarbaig, na mimi nikajisifu kwa watu kwamba nimeoa mwanamke mwenye bidii na mifugo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu kilio kilifika mlangoni kikabisha hodi: alianguka shambani, mweupe midomo, tukambeba hadi hospitali, na wao wakampeleka Moshi.

Huko Moshi wakasema utumbo mpana wote umejaa vidonda na dawa zimeshindwa. Wakaukata wote. Wakachukua mwisho wa utumbo mwembamba, wakaukunja na kuushona ukawa kifuko ndani ya mwili, mahali pa choo kusubiri kabla ya kutoka. Kwa miezi kadhaa alitembea na mfuko wa nje tumboni mpaka kile cha ndani kilipopona, ndipo wakamfunga lile tundu na kuturudisha nyumbani. Mimi nilielewa hayo tu. Mengine alielezwa Kornelia peke yake, na kwenye benchi la kliniki alikaa na Alfredi, ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji huo huo kabla yake. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua soda. Niliporudi walikuwa wameshapeana namba, naye ameshaondoka.

Mtu mwenye kifuko hicho hapati tena choo cha kawaida. Anakwenda mara sita, mara nane kwa siku, na usiku anaamka. Anakula kidogo kidogo, anatafuna mpaka unachoka kumtazama, anakunywa maji yenye chumvi na sukari. Kwenye pochi yake hamkosi nguo ya ndani ya akiba na kipande cha kanga. Barabara yote ya kwenda sokoni anaijua kwa vyoo: kile cha zahanati, kile cha mama wa mgahawa, kile cha shule ambacho hakina mlango. Haya yote niliyajua kwa kuchungulia. Mafuta ya mgando ajipake kabla ngozi haijaungua, si baada; nani alimfundisha? Alfredi. Kabla ya safari ale ndizi mbivu ili mambo yashikane? Alfredi. Kidonge cha kupunguza mwendo akimeze nusu saa kabla ya misa? Alfredi, fundi cherehani wa Dongobesh.

Mimi nikimwuliza, "Mama Glory, unaendeleaje?" ananijibu, "Salama." Kila siku salama. Mwenzangu anapewa habari kamili na kicheko juu yake, mimi napewa salama kama mgeni aliyepita njiani.

Tena akaacha makande. Alituandalia sisi sufuria nzima, na pembeni anajichemshia wali laini kwenye kisufuria chake. Majirani wakaanza kunitania kwamba kwangu ni Krismasi kila siku. Nilimwuliza kwa nini hali chakula cha shamba letu, akasema, "Sijisikii." Nikaona ni madaha ya mtu aliyekaa Moshi.

Sasa sikia kilichotokea mwaka huu, mahindi yalipokomaa.

Katika ukoo wetu, muhindi wa kwanza wa shamba hauchomwi na mwanamke wala na mtoto. Anauchoma mwenye shamba mwenyewe, hapo hapo shambani, na anampa mkewe mkononi mbele ya watu. Mke akishaula ndipo wengine wanavunja ya kwao. Baba alimfanyia mama hivyo mpaka mama alipobaki hana meno, akawa anaupokea na kuulamba. Wakati wa ugonjwa wa Kornelia tulipitisha misimu miwili bila kufanya. Jumamosi hiyo nikawasha moto, dada yangu Agatha yupo, jirani yangu Nikolausi yupo na familia yake. Nikachoma muhindi mmoja mzuri, nikaugeuza taratibu, nikampa mke wangu.

Aliutazama kidogo. Halafu akanitazama mimi, kwa muda, kama vile alivyokuwa akinitazama tulipokuwa vijana. Akaula wote. Hakuacha punje. Agatha akapiga vigelegele, na mimi nikasema moyoni, haya, Alfredi ampe muhindi kwa simu tuone.

Jumapili asubuhi hakutoka kuangalia ng'ombe. Mimi nilikuwa nahesabu bila yeye kujua. Mume mwenye wivu huhesabu kila kitu. Tangu alfajiri mpaka tunaondoka kwenda kanisani, hakutoka. Kwa kawaida tunakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mahubiri yakianza naye anaondoka. Siku hiyo alikaa. Mahubiri yakapita, sadaka ikapita, komunyo ikapita. Alikaa katika matangazo, na paroko wetu akianza matangazo unaweza kuota mizizi. Alikaa mpaka kwenye mnada wa mazao ya sadaka. Alikuwa ametulia, mikono ameifunga tumboni, jasho linamtoka kidogo, nami nikasema ni joto la watu. Misa nzima! Kwa furaha nilinunua jogoo mnadani ambaye hata sikumhitaji.

Tulipofika nyumbani alisema hataki kula, anakwenda kujilaza. Nikaona ni sawa, mtu aliyepona naye hupumzika. Nikachukua simu yangu, nikatoka nikasimama nyuma ya zizi. Namba ya Alfredi nilikuwa ninayo siku nyingi; usiniulize niliipataje. Nikapiga.

"Nani mwenzangu?"

"Isidori. Mume wa Kornelia."

"Aa, shikamoo kaka Isidori!" Sauti yake ilikuwa na furaha, nikazidi kuchukia.

"Marahaba. Nimekupigia kukwambia kwamba mke wangu amepona. Leo amekaa misa nzima, mpaka mnada. Kwa hiyo zile simu za asubuhi sasa basi. Tunashukuru, lakini basi."

Nilitegemea atajitetea, au atakata simu. Badala yake akauliza polepole, "Hajatoka hata mara moja?"

"Hata mara moja!"

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Nimekwambia amepona."

"Kaka, tumbo lake umelishika?"

Damu ikanipanda. Mwanaume ananiuliza kama nimeshika tumbo la mke wangu! Nikamwambia tumbo la mke wangu halimhusu, wala halitamhusu hata nikifa.

"Nitukane baadaye," akasema, na sasa alikuwa anasema haraka. "Kalishike sasa hivi. Kama limekuwa gumu, au kama anatapika, ameziba. Usimpe chakula. Usimpe dawa ya kuharisha, hata wazee wakikulazimisha, itampasua. Tafuta gari, kaka. Nakuomba."

Nilirudi ndani nikiwa bado nabishana naye kichwani. Kornelia alikuwa amejikunja kitandani, beseni mbele yake, ametapika kijani. Nilimwekea mkono juu ya tumbo. Lilikuwa gumu kama ngoma, nikaona jinsi lilivyopanda na kusimama, na yeye akauma kanga asipige kelele. Sikuwa nimeligusa tumbo hilo tangu lifungwe tundu. Nilikuta kovu ambalo sikulijua.

Dada Agatha alikuwa ameshafika, na jikoni mizizi yake ilikuwa inachemka. Agatha ndiye aliyetulea. Kwetu akisema jambo linakuwa. Akaja na kikombe kinatoa mvuke. "Hajapata choo. Anywe hii, itafungua hata jiwe."

"Hapana, dada."

"Isidori, wewe unajua nini habari za tumbo?"

"Mimi sijui. Alfredi amekataza."

Jina hilo lilikuwa halijawahi kutoka mdomoni mwangu ndani ya nyumba ile. Kornelia alifungua macho. Agatha akabaki na kikombe mkononi, akauliza, "Alfredi ndiye nani?" Nikamjibu kwamba ni mtu anayejua. Nikakimbia kwa Nikolausi kuomba gari lake la kubebea maharage.

Hospitalini alitupokea daktari binti, ameweka nywele kwenye kofia, mpole lakini ana haraka. Alimpapasa, akaliona kovu, akanigeukia. Upasuaji ulifanyika lini? Kile kifuko kina ukubwa gani, walisema nini walipokikagua? Tundu la tumboni lilifungwa lini? Amewahi kuziba kabla ya hapa? Anameza vidonge gani, mara ngapi?

"Ni mke wangu," nikasema.

"Ndiyo, baba. Lakini amewahi kuziba?"

Sikuwa na jibu hata moja. Kornelia maumivu yalikuwa yamembana, hawezi kusema. Nikatoa simu, nikampigia yule bwana, nikamkabidhi daktari. Nikasimama pale kando ya mke wangu nikisikiliza daktari akiitikia: ndiyo, sawa, nusu kidonge, ndiyo. Alipomaliza akaandika, akasema, "Anasema aliwahi kuziba mwezi wa kwanza, ikafunguka yenyewe baada ya siku nzima. Vizuri kujua."

Mwezi wa kwanza mimi nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Dongobesh walijua, mimi sikujua.

Wakamwekea mpira puani wa kutoa maji ya tumboni, wakamtundikia dripu, wakakataza asile wala asinywe chochote. Daktari akaniambia ukweli: watasubiri, mara nyingi hufunguka, isipofunguka atarudishwa Moshi kupasuliwa, na huenda kile kifuko kikapotea, akarudi kwenye mfuko wa nje maisha yake yote. Au yakatokea mabaya zaidi. Nilikaa kwenye stuli kando ya kitanda. Niliogopa, na nilikuwa na wivu, vyote pamoja. Usidhani kimoja kinafukuza kingine.

Siku ya pili asubuhi mlango wa wodi ukafunguliwa, akaingia mtu mwembamba, suruali imemkalia kama imeazimwa, kofia mkononi. Ndiye huyo. Nilikuwa nimejitengenezea Alfredi wangu miezi yote hiyo, mrefu, shati limepigwa pasi, meno mengi. Huyu kabla hata ya kusalimia alimwuliza muuguzi choo kiko wapi, akaenda, akarudi, ndipo akaniamkia. Alikuwa hajala tangu jana mchana ili aweze kusafiri. Hata hivyo gari lilimsimamia porini mara kadhaa, na abiria wakamsema.

Alisimama miguuni mwa kitanda, hakusogea karibu. "Mama Glory, ulikula nini?"

Kornelia akatazama ukuta.

"Muhindi wa kuchoma," nikasema. "Nilimpa mimi."

Nilingoja anihukumu. Akatikisa kichwa. "Mimi niliziba kwa uyoga, kwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu mwanawe. Mama mkwe amepika, utakataaje? Nikala na kuomba nyongeza. Walinibeba juu ya mlango, machela hakuna." Akaeleza jinsi ule mlango ulivyokuwa mdogo na miguu ikawa inaburuta, na Kornelia, mpira uko puani, tumbo limejaa, akacheka. Alijishika tumbo kwa maumivu na bado anacheka. Mimi usiku wote nilikuwa nimemwombea, nimemfuta jasho, sikupata hata tabasamu. Niliona afadhali nitoke nje.

Alfredi hakukaa. Alisema akichelewa gari la kurudi itamlazimu alale njiani, naye kulala ugenini hawezi, anaweza kuchafua shuka za watu. Alilisema hivyo hivyo, mbele yangu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilimsindikiza mpaka getini kwa sababu ndiyo desturi.

Niliporudi nikamwuliza mke wangu. Sikuzunguka. "Kwa nini yeye? Miaka ishirini, Kornelia. Kwa nini mambo yako ya ndani anayajua yeye?"

Alikuwa na sauti ndogo kwa sababu ya ule mpira. "Yule ni mgonjwa mwenzangu. Akinitazama anaona utumbo, nami nikimtazama naona utumbo. Hatuoneani haya."

"Na mimi?"

"Wewe nilitaka ubaki unaniona mimi. Yule wa palizi. Nilisema, dunia nzima ijue, madaktari, manesi, Alfredi, lakini abaki mtu mmoja ambaye hajui." Akapumzika kidogo. "Ule muhindi nilijua. Alfredi alishanikataza mahindi tangu kliniki. Lakini ulivyonipa, ulinitazama vile. Nikaona afadhali niugue kuliko kuukataa mbele ya watu."

Nina maneno mengi, mnanisikia, lakini pale yalikwisha. Nikamwambia tu, "Ningekutazama hivyo hivyo hata ungekataa."

"Hujui. Hujawahi kuona."

Mchana tumbo lake likaanza kunguruma. Lilinguruma kwa sauti, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Kornelia akashika ukingo wa kitanda, macho yamemtoka. "Nataka kwenda." Muuguzi alikuwa upande wa pili wa wodi na mgonjwa mwingine. Kornelia alimtazama yule muuguzi, akatazama mlango, halafu akaninyooshea mkono. "Isidori, nishike."

Nilimshika kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikainua chupa ya dripu juu ya kichwa changu. Tukaenda hatua ndogo ndogo hadi chooni. Pale mlangoni akasita, kwa sababu chupa lazima iwe juu na mpira wake ni mfupi. Mlango usingefungika mimi nikiwa nje. Tukaingia wote wawili. Akachuchumaa, nikasimama nimeinua mkono kama mtu anayeapa, uso wangu nimeugeuzia dirishani.

"Usigeuke," akasema.

"Sigeuki."

Kwanza hapakuwa na kitu, kuhema kwake tu. Halafu ikaja, upepo na maji, na nyingine, na nyingine, kwa muda mrefu. Nilisikia punje zikigonga sinki. Nilisikia harufu. Mkono uliniuma hadi begani lakini sikuushusha. Nyuma yangu Kornelia alianza kulia, kisha nikasikia kwamba kilio kile kina kicheko ndani yake. Akasema, "Geuka. Nisaidie maji."

Nikageuka. Nikamtazama mke wangu, nikachota maji kwenye kopo, nikamsaidia.

Daktari alimpima, akasema imefunguka, hatakwenda Moshi. Simu yangu ililia mara mbili mchana ule, Alfredi, yuko njiani kurudi kwake. Niliiacha ilie. Habari ile nilikaa nayo peke yangu mpaka jioni, ndipo nikampigia.

"Imefunguka," nikamwambia.

"Asante Mungu! Lini?"

"Mchana," nikasema. "Nilikuwepo."